Nani Anasoma Unachoandika

Tunis, 11 Septemba 2022

Shangazi yangu Mabruka,

Nakubusu kichwani na mikononi, kisha nakuomba radhi kwa kukaa kimya tangu Idi. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake limevimba tena, na daktari sasa anasema wazi kwamba lazima lipasuliwe, naye anamjibu wazi kwamba aanze kupasua la kwake. Sukari bado hakuna. Jana nilipanga foleni kwa ajili ya kilo moja, na nilipofika mbele muuzaji akaniambia imekwisha, ila nikitaka kuna chumvi. Foleni nzima ikacheka, hata mimi.

Barua hii nampa Hedi, dereva wa gari la abiria la Jebiniana, kama kawaida. Ningekupigia, lakini najua simu yako haipigwi, na sababu naijua. Tangu mwanao Wajdi aondoke na ile boti unaingoja simu yake, maana hiyo ndiyo namba pekee aliyoijua kwa moyo. Ukisema iachwe wazi kwa ajili yake, basi itaachwa wazi, na mimi sitakuwa mtu wa kuiziba.

Neno lenyewe ni hili. Unajua kwamba na shahada yangu ya Kiarabu natimiza mwaka wa nne sasa nikitolea watu nakala kwenye lile duka la karibu na chuo. Nimekuwa nikitafuta kazi ya kuandika kwa njia ya mtandao: mtu yuko huko asikojulikana, anakupa mada, unaandika ukiwa nyumbani kwako, analipa. Wa kwanza walinila. Walitaka niandike makala za majaribio, nikaandika, wakasema watazifikiria, na baadaye nikazikuta makala zangu kwenye tovuti moja zikiwa na jina la mtu mwingine. Nililia siku mbili, kisha nikawa mkali.

Sasa nimejifunza kuwapima. Anayetaka umlipe ili akusajili ni mwizi, huyo simjibu hata salamu. Anayetaka kazi ya majaribio namwambia alipe majaribio. Kabla ya kukubali natafuta jina lao pamoja na neno "utapeli" nione wangapi wanalia. Hawa nilio nao sasa wanajiita Kalamu Nyeupe, na wamepita kila mtihani. Kazi ya kwanza walilipa kabla sijaimaliza. Msimamizi wangu ni mwanamke anaitwa Bi Lamia, Mtunisia mwenzetu kwa jinsi anavyoandika, na kila akinitumia kazi anaanza kwa kuuliza hali ya mama.

Wananitaka niwe mtu wao moja kwa moja. Baba angekuwa hai ningemuuliza yeye, lakini hayupo, na wewe ndiye dada yake. Niache duka la nakala?

Binti yako,
Sondes


Jebiniana, 2 Oktoba 2022

Sondes, binti wa kaka yangu,

Mwenyezi Mungu akupe afya na ampe mama yako goti jipya, maana la zamani alilimaliza kwa kuzunguka kwa majirani kutafuta habari. Mwambie nimesema hivyo, atacheka huku amekasirika. Barua yako ilikaa kwa Hedi wiki nzima chini ya kiti. Aliniletea ikiwa na alama ya kiatu. Mimi ni mzima. Mizeituni mwaka huu imebeba, alhamdulillahi, matawi yameinama. Kisima kinatosha.

Unaniuliza mimi habari za mtandao, mimi ambaye niliishia darasa la sita na simu yenyewe Wajdi ndiye aliyenifundisha kuiwasha. Lakini nimeuza zeituni miaka thelathini, na kupima mnunuzi ni kupima mnunuzi.

Unajua huku mazao tunayauza yangali mtini. Mnunuzi anakuja, anazunguka shamba mikono mgongoni, anakisia kwa macho mti huu utatoa nini na ule utatoa nini, kisha anataja bei ya kukutukana. Unamfukuza. Kesho anarudi. Mnunuzi wa kweli lazima aidharau mizeituni yako kidogo, kwa sababu anaitaka. Mwaka ambao Wajdi alizaliwa alikuja mtu wa kutoka kaskazini, marehemu mume wangu akamtajia bei kubwa kwa utani, yule bwana akasema sawa na akatoa pesa papo hapo. Tukafurahi, tukachinja jogoo. Kumbe zeituni hakuzihitaji kabisa. Alihitaji njia ya kupitishia malori yake ya mchanga, na msimu ulipokwisha, miti yote ya ukingoni ilikuwa imekanyagwa hadi mizizi.

Kwa hiyo hao watu wako, kulipa wanalipa, nimesikia. Mimi nakuuliza wananunua nini. Ukishaandika, nani anasoma? Ukinijibu hilo, na mimi nitakujibu habari ya duka.

Habari nyingine ni ndogo. Mke wa muuza dawa amenisaidia kuweka picha ya Wajdi kwenye ule ukurasa wa akina mama waliopotelewa na wana baharini. Ile picha ya harusi ya jirani, ana shati jeupe. Ameandika jina, mji wetu, na namba yangu. Mwanzo sikutaka, niliona kama ni kumtangaza marehemu. Halafu nikasema potelea mbali, huenda kuna mtu amemwona.

Shangazi yako,
Mabruka


Tunis, 30 Oktoba 2022

Shangazi mpendwa,

Nakubusu kichwani. Maulidi ilipita salama, ingawa mbegu za msonobari za kupikia asida, uji wetu mtamu wa sikukuu, zilipanda bei hadi Mama akasema mwaka huu Mtume atatusamehe kwa asida nyeupe isiyo na mbegu. Mwishowe tulinunua kidogo na tukapika nyeusi, nikaipamba kwa lozi kama ulivyonifundisha. Tulikukumbuka. Mama amepewa tarehe ya upasuaji, Januari.

Usinikasirikie. Duka nimeliacha. Mwenye duka alinitaka nichague siku ileile, na mimi nikachagua.

Kazi yenyewe ni nzuri. Naandika mambo ya kubuni. Bi Lamia amenieleza kuwa wanaandaa mchezo wa televisheni, wenye sehemu nyingi, na mimi natunga barua za wahusika. Habari za vijana walio mbali na nyumbani, hayo tu, mambo ya kawaida, hakuna haja ya kukuchosha nayo. Ulizo lako basi lina jibu: watakaosoma ni waigizaji, na baada yao watazamaji.

Kuhusu wanunuzi wako, kweli Bi Lamia habishani bei. Nilipomwambia ninayotaka aliongeza. Lakini Shangazi, si kila kitu ni zeituni. Labda huyu anajua tu kazi nzuri akiiona. Ananiambia hajapata mwandishi kama mimi. Wengine, anasema, wanaandika kama kitabu cha shule, mimi naandika mpaka mama anaweza kunusa jiko lake. Anataka vitu vya kwetu, vya mizeituni na mitungi na maneno ya huko kwenu, anasema vile ambavyo mtu wa nje hawezi kuvijua ndivyo vinavyouma. Basi nafumba macho na narudi uani kwako likizo za zamani, na maneno yanakuja yenyewe.

Waliniomba picha ya kitambulisho na anwani ya nyumba, ili malipo yaje kwa posta. Nimewapa. Wanaolipa kihalali wanahitaji hivyo vitu.

Umepata simu yoyote kutokana na ile picha?

Sondes


Jebiniana, 4 Desemba 2022

Sondes,

Salamu kwako na kwa mama yako. Mimi mzima sana, sijawahi kuwa mzima hivi.

Zeituni nimeshauza, zote, kwa Bwana Ridha mnunuzi. Hapana, hakurudi mara tatu. Alitaja bei nikakubali, nilikuwa na haraka. Watu wamesema wanayosema. Waache.

Wewe ni msomi na unaijua posta. Mtu akitaka kupeleka pesa ng'ambo na hana jamaa huko wa kuzipokea kwa jina lake, ila kuna bwana mmoja mwenye kuaminika wa kuzipokea kwa niaba, inafanyika vipi? Nauliza kwa ajili ya jirani. Nijibu haraka na umkabidhi Hedi mwenyewe, mkononi, usiiache kituoni.

Kuhusu picha umeniuliza. Nitakuambia siku nyingine.

Nimepaka chokaa chumba cha mbele.

Shangazi yako


Tunis, 18 Desemba 2022

Shangazi,

Nakubusu mikono. Barua yako nimeisoma mara nyingi na sikuipenda. Mama naye nimemsomea, akaniambia nisome tena. Kukubali bei ya kwanza, wewe? Bwana Ridha huyuhuyu uliyemfukuza na fagio mwaka juzi? Kama unaumwa sema unaumwa. Kama unadaiwa, nina akiba sasa, niambie.

Habari ya jirani na posta: mwambie asipeleke chochote. Pesa inayopokelewa na bwana wa kuaminika kwa niaba ya mtu haifiki kwa mtu huyo. Mwambie amtake mhusika apige simu na sauti yake isikike. Asiposikia sauti, asitoe hata mia.

Kwangu mambo si mabaya, ila nimechoka. Wiki hii nimepewa kazi iliyonikaa vibaya kifuani. Katika ule mchezo kuna mama mjane wa upande wa huko kwenu, ana mtoto mmoja tu aliyevuka bahari, na mama anaanza kutilia shaka kama anayemwandikia ni mwanawe kweli. Anamwambia, nitajie jambo tunalolijua mimi na wewe tu. Nikaambiwa niandike jibu la kijana. Bi Lamia alisema liwe fupi, liwe na kitu kimoja kitakachomfanya mama asiwe na pa kukimbilia. Maneno yake yalikuwa hayohayo, kwamba asiwe na pa kukimbilia.

Nikamuuliza kwa nini mchezo wa televisheni unahitaji jibu hili leo kabla ya saa sita. Alinijibu kwa kuuliza kama Mama amepata nafuu, kisha akaniongezea malipo. Nilikaa asubuhi nzima mbele ya ukurasa mtupu. Halafu nikaandika, na ilikuwa nzuri, Shangazi, labda ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Nilipoituma nilihisi nimetoa kitu nje ya nyumba bila kuomba ruhusa.

Nijibu upesi. Niambie unaumwa nini.

Sondes


Jebiniana, 15 Januari 2023

Sondes mwanangu, roho yangu,

Kaa chini kwanza. Uko peke yako? Mama yako asisikie, maana akisikia yeye hadi Sfax watakuwa wamejua kabla ya magharibi, na nimeombwa nisiseme.

Wajdi yuko hai.

Nimekaa na neno hili tangu Novemba na limekuwa likinipasua. Aliandika kwenye simu, kwa namba ya huko ng'ambo. "Mama, ni mimi." Hayo tu siku ya kwanza. Nilianguka mlangoni. Amefungwa mahali, si gereza hasa, kuna watu wamewashikilia kwa ajili ya karatasi, na kuna bwana mmoja anayesaidia kuwatoa. Kuzungumza hawaruhusiwi, wanaweza kuandika tu, tena kwa kujificha. Usinifanye mjinga, Sondes, najua unachofikiri. Nilifikiri hivyohivyo. Zile habari zako za jirani na sauti nilizisoma, na mimi nilikuwa nimeshambana kabla hujaniambia. Nilimwandikia: sitoi kitu mpaka unitajie jambo ninalolijua mimi na wewe tu.

Alikaa hadi adhuhuri. Kisha akaniandikia hivi, nanakili neno kwa neno:

"Mama, siku ile ya Maulidi nilipovunja taa, nilijificha ndani ya mtungi mkubwa wa mafuta uliokuwa mtupu. Ulizunguka uani ukiniita, fimbo mkononi, mpaka ukachoka. Ukakaa juu ya kinu ukasema kwa sauti, basi asida yote nitaila peke yangu. Nikasema kutoka mtungini, niachie ya juu yenye lozi. Ulicheka mpaka fimbo ikaanguka. Hukunipiga siku ile. Mpaka leo nikiwa na hofu naingia mtungini na kungoja ucheke."

Nani mwingine angejua hilo? Uani hapakuwa na mtu. Baba yake alikuwa msikitini, nyumba nzima ilikuwa mimi na yeye na kuku. Nililisoma nikalia kwa kelele mpaka mke wa muuza dawa akaja kugonga.

Fedha za zeituni zilikwenda. Hazikutosha, bwana yule anasema wapo wengine wa kulipwa. Kwa hiyo nauza shamba lenyewe, miti na kisima na ardhi. Bwana Ridha analichukua lote. Tunaandikishana mbele ya wakili Jumatatu tarehe sita Februari. Ukiona haya ni mengi, kumbuka nilikuwa nalitunza kwa ajili ya nani.

Chumba cha mbele ni chake. Nimenunua godoro. Furahi nami, Sondes, nimekuwa nikifurahi peke yangu kama mwizi.

Shangazi yako mwenye mtoto,
Mabruka


Tunis, 27 Januari 2023

Shangazi,

Sianzi kwa salamu leo, nisamehe. Usiende kwa wakili. Soma hadi mwisho kabla ya kuirarua.

Barua yako nimeipata jana, Hedi alikuwa na gari gerejini wiki nzima. Nilipoisoma nilikupigia papo hapo, mara nyingi. Ulikata. Najua kwa nini ulikata. Ningekuja mwenyewe usiku uleule, lakini Mama amepasuliwa Jumanne, hawezi hata kufika chooni bila mimi, na hapa hatuna mtu mwingine. Nimemwapisha Hedi kwa watoto wake akupe barua hii mkononi na asiondoke mpaka umeifungua.

Maneno yale niliyaandika mimi.

Ndiyo ile kazi niliyokueleza Desemba. Mama mjane, mtoto mmoja, upande wa mizeituni. Niliposoma maelezo ya Bi Lamia nilidhani anamwendeleza yule mama niliyembuni mimi mwanzoni, na yule nilimtoa kwako, nakiri, mikono yake ilikuwa yako, kinu chake chako. Sikuona ajabu akinirudia anafanana na wewe. Hakuna mchezo wa televisheni. Wanachukua namba kwenye kurasa za akina mama kama ule wa kwenu, kisha wanampa kazi mwandishi anayezijua pande hizo. Mimi niliwapima kwa kila kitu, wanalipa au hawalipi, wanataka ada au hawataki, na wewe mtu wa darasa la sita ulinipa ulizo moja tu, nami nikalijibu kwa alichoniambia mtu nisiyemjua.

Utasema, Sondes angejuaje ya mtungi. Shangazi, mitungi ilikuwa miwili. Mimi nilikuwa kwenye wa pili. Taa tuliivunja pamoja, tulikuwa tunarushiana ndala. Wajdi alipotoka na kula asida mimi niliogopa, nikabaki mle ndani mpaka ulipoingia jikoni, nikaruka nikakimbilia kwa bibi, na nikakuambia nilikuwa huko tangu asubuhi. Uliniamini. Wajdi hakunisema. Ulicheka kweli, fimbo ikaanguka kweli. Ila hayo maneno ya mwisho, ya kuingia mtungini akiwa na hofu, Wajdi hajawahi kuyasema. Niliyatunga mimi kwa sababu yalipendeza.

Nimemwandikia Bi Lamia kwamba nimejua. Alinijibu kwa picha ya kitambulisho changu na anwani yetu, na chini yake sentensi moja, kwamba barua zote zina jina la mwandishi mmoja. Kisha akanitumia kazi nyingine, kana kwamba hatujagombana. Leo Mama alipolala nilikwenda kituo cha polisi. Askari alisikiliza vizuri, akauliza nani aliandika, nikasema mimi. Nani alilipwa, nikasema mimi. Akanishauri nirudi nyumbani nifikiri kabla hajafungua jalada. Nitarudi kwake Mama akiweza kusimama, liwalo na liwe, maana barua nilizoandika si moja. Kuna akina mama wengine, siwajui hata majina, na kila mmoja nilimpa kitu cha kwetu.

Nichukie. Nastahili kuchukiwa na sitajitetea. Lakini tarehe sita usitoke nyumbani.

Sondes


Jebiniana, 19 Februari 2023

Sondes binti Salah,

Mama yako apone. Hedi alisimama mlangoni mpaka nikamaliza kusoma, kama ulivyomwapisha, kisha akanisaidia kukaa. Ni kijana mzuri, usimlaumu tena kwa kuchelewa.

Kwa wakili sikwenda. Bwana Ridha alikuja na watu wake hadi hapa, nikamwambia siuzi, akasema nimerukwa na akili. Alisema mbele ya watu.

Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa nakuchunguza. Nilitaka uwe mwongo. Nilikwenda kwenye ile mitungi, bado ipo nyuma ya banda, nikapima wa pili kwa mikono yangu kama mtoto anaenea. Anaenea. Nikakumbuka kwamba siku ile ulikuja kula baadaye na nywele zako zilinuka mafuta, nikakusuta kwamba unacheza na dumu la bibi. Sikujua kwamba nalikumbuka hilo. Ningependa nisingelikumbuka.

Sasa nikuambie lililobaki, maana wewe ni msomi utanieleza. Bado anaandika. Tangu nilipomwambia shamba siuzi anaandika kila jioni. Juzi amesema wanampiga. Jana amesema wamemnyima maji, na amesema Mama, kosa langu ni nini. Najua si yeye. Nimeshika barua yako mkono mmoja na simu mkono mwingine, najua si yeye, na sikuweza kunywa maji. Unayaandika wewe hayo pia? Usinijibu. Kama si wewe basi wamepata mwingine anayejua kuandika.

Na kuna jambo silali nalo. Umesema kuna akina mama wengi, na wana wengi, na wote wanapewa maneno ya kutunga. Je, kama katikati ya hao waongo wote yuko mmoja ambaye kweli amefungwa, kweli anapigwa, na ni wangu? Nitamjuaje sasa? Alichokuwa nacho cha kunithibitishia ulikichukua. Akija kesho mwenyewe akaniambia habari ya mtungi, nitamfungia mlango.

Usinipigie na usije kwa sasa. Sikulaani, wewe ni damu ya kaka yangu na umeniokolea shamba, watu wote wanasema hivyo, mke wa muuza dawa anasema nikushukuru. Nakushukuru. Kabla ya barua yako nilikuwa na mtoto. Sasa nina mizeituni.

Mabruka